Saa Elfu Kumi za Bi Kioo

Jumatano hii, tarehe 30 Septemba, saa kumi jioni, fundi mkuu wa chumba cha tando anavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Katika barua za utawala ana jina refu lenye cheo mbele yake. Humu ndani tunamwita Bi Kioo, na nadhani hata mkurugenzi akiulizwa ghafla jina lake halisi atakohoa kwanza.

Mhariri wa jarida aliniomba ukurasa mmoja, uwe wa kuchangamsha, usiwe na utaalamu mwingi. Nimejitahidi. Kurasa zimezidi, utaalamu umepenya, na kuna jambo moja humu ambalo sijawahi kulisema mbele za watu. Kwa hiyo msomaji mwenye haraka ya kwenda kwenye keki aende tu, keki ni kubwa na wengine tutamkuta huko huko.

Bi Kioo aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, na hakuajiriwa kama fundi. Aliajiriwa kuosha vyombo vya maabara. Chupa, mirija, bakuli za kioo, na zile sahani bapa za kioo ambazo juu yake humiminwa dawa nzito ya kutengenezea utando. Siku hizo tando zilikuwa zikitoka na madoa madogo, kama mtu mwenye vipele, na wataalamu wawili walikuwa wamekwisha kununiana kila mmoja akilaumu dawa ya mwenzake. Mwosha vyombo akasikiliza malumbano yale kwa muda wa mwezi mzima. Kisha siku moja akaacha kufuta sahani kwa taulo. Aliziosha, akazisimamisha wima kwenye kichanja, akaziacha zikauke zenyewe. Utando wa wiki ile ukatoka safi. Wataalamu wakaanza kupongezana, kila mmoja akiamini dawa yake imekubali, mpaka yeye alipowaonyesha taulo na nyuzi zake. Inasemekana hawakuzungumza naye siku mbili. Siku ya tatu walimwita ashike wembe wa kutandazia dawa juu ya kioo.

Wembe huo hajauachia mpaka leo. Jina la Bi Kioo lilitokana na tabia yake ya kuinamisha sahani kwenye mwanga wa dirisha, jicho moja amelifumba, akitafuta kasoro ambayo sisi wengine hatuioni hata tukiwekewa alama. Akisema hapa pana doa, pana doa. Nimewahi kumbishia mara moja tu. Tulipeleka kipande kwenye darubini, tukakuta doa, na kwa wiki nzima alikuwa ananisalimia kwa kuniuliza macho yanaendeleaje.

Sasa, wenzetu wa stoo na masjala kila mwaka hutuuliza, hivi nyie mle ndani mnatengeneza nini hasa? Nitajibu mara moja, kisha msiniulize tena. Tunatengeneza utando unaokaa katikati ya seli ya haidrojeni. Upande mmoja wa seli inaingia gesi ya haidrojeni, upande wa pili inaingia hewa. Utando wetu unaruhusu chembe ndogo sana za haidrojeni kupenya, lakini unazuia gesi zenyewe zisikutane. Umeme unapatikana, na kinachodondoka mwishoni ni maji. Hamna moshi wala kelele, isipokuwa pampu ndogo ya hewa inayokoroma mezani. Utando wenyewe ni polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli iliyolala pamoja. Ikiachwa hivi hivi inakunywa maji, inavimba, inalegea na kuchanika. Kwa hiyo tunaifungamanisha: tunaipika kwenye oveni pamoja na dawa inayofunga mafundo kati ya mnyororo na mnyororo.

Mafundo mangapi? Hapo ndipo watu walipozeekea. Bi Kioo ndiye aliyetuelewesha sote, akiwa na sindano zake za kufumia wakati wa chai. Sweta ukilifuma kwa kulegeza, likilowa linaning'inia mpaka magotini. Ukilikaza mno, kichwa hakipiti. Mafundo yakiwa machache utando unachanika. Yakizidi, zile chembe hazipenyi, na utando wenyewe unakuwa mkavu na wa kuvunjika. Mhandisi mkuu wetu, mtu aliyesoma mpaka akachoka, alikiri mbele yetu kwamba alifundishwa jambo hilo kwa muhula mzima na hakulielewa vizuri kama siku ile.

Kuhusu mfuniko wa sufuria, naona ni vizuri ukweli ukaandikwa, maana umetiwa chumvi sana. Si kweli kwamba aliuiba jikoni. Aliuazima, na ameuazima kwa miaka kumi na tisa. Utando ukikauka haraka unajikunja pembeni, na vifuniko vya maabara vilikuwa vinabana mno, mvuke hautoki kabisa. Mfuniko wa sufuria wa jikoni, ule wa bati uliopinda ukingo kidogo, ulikuwa unaruhusu mvuke utoke taratibu kabisa kama alivyotaka. Tumenunuliwa vifuniko vitatu vya kisasa tangu hapo, na vyote viko kabatini, vipya. Mpishi wetu naye amekuwa akifunika sufuria yake kwa sinia kwa miaka yote hiyo, na ameniomba niandike hapa kwamba amesamehe lakini hajasahau.

Chumba chake kina sheria. Hakuna manukato. Hakuna sweta lenye manyoya, hata kama amelifuma yeye. Mkurugenzi aliwahi kuingia na viatu vya nje akiwa na wageni watatu. Bi Kioo alimpa shikamoo kwa heshima zote, kisha akampa na tambara la kupigia deki. Mkurugenzi akapiga deki. Wageni wakavua viatu bila kuambiwa.

Lakini sheria kubwa kuliko zote ilibandikwa ukutani kwa herufi nyekundu: USIVUE WAWILI KWA WAKATI MMOJA. Mkaguzi wa usalama aliyekuja mwaka fulani aliisoma, akaangalia chini, akaisoma tena, akauliza kwa sauti ya chini kama humu ndani kumewahi kutokea matatizo ya maadili. Tulivunjika mbavu. Maana yake ni nyepesi. Utando hauandikiki. Ukiupitishia wino umeuharibu. Kwa hiyo jina na namba yake huandikwa kwenye nailoni ya kuulinda, ile inayobanduliwa wakati wa kuuingiza kwenye seli. Bi Kioo, anayezihesabu tando kama watu, huita kubandua huko kuuvua nguo. Ukishauvua, utando hauna jina. Ni kipande cha kitu kinachong'aa, hakina rangi, na kinafanana na kipande kingine chochote cha saizi ile. Ndiyo maana unavua mmoja, unaufunga kwenye seli yake, unaandika daftarini, halafu ndipo unagusa wa pili.

Mimi nilikuja miaka tisa iliyopita, nikiwa na cheti kipya na mikono myepesi. Wiki ya kwanza tu akanibatiza Chapuchapu. Nilidhani ni sifa. Nilikuwa namaliza kazi ya siku saa saba mchana, halafu nazurura nikiwauliza wengine kama wanahitaji msaada. Alikuwa ananitazama tu, anatikisa kichwa, anarudi kwenye sahani yake.

Sasa naomba mnivumilie, maana ndipo tunapofika kwenye meza namba mbili.

Wengi mnajua kwamba kwa miaka mingi seli zetu zilitumia utando wa kununua kutoka nje, na kwamba kitengo chetu kilikuwa kinaishi kwa kusubiriwa. Bodi ilikuwa imechoka. Walisema hivi: utando wenu ukikaa kwenye seli inayofanya kazi kwa saa elfu tano bila kuharibika, tutautumia katika seli zote tunazouza, kuanzia za vituo vya afya. Ukishindwa, kitengo kinafungwa na tunaendelea kununua. Watu kumi na mmoja tungemwaga unga. Kwa Bi Kioo kulikuwa na zaidi ya unga. Utando ule ulikuwa kazi yake ya miaka ishirini, na alijua kwamba akistaafu kabla haujakubaliwa, utaingia kabatini pamoja na vile vifuniko vya kisasa.

Oktoba ya mwaka juzi tuliandaa meza mbili. Meza namba mbili ilikuwa ya utando wetu. Meza namba moja ilikuwa ya utando wa kununua, wa kulinganishia. Kila meza ina kibao kidogo kinachohesabu saa, na seli ikipata kasoro meza inajizima yenyewe, pampu inanyamaza na kibao kinasimama pale pale. Tulibonyeza vitufe vyote viwili siku moja. Baada ya saa mia tisa, meza namba moja ilinyamaza. Utando wa kununua ulikuwa umepasuka katikati. Tulicheka, jamani. Tuliusema, tukausimanga, mtu akachora kaburi lake ubaoni na kuliandikia maneno. Meza namba mbili ikaendelea kukoroma. Elfu mbili. Elfu nne. Ilipofika elfu tano mpishi alitutengenezea chai ya maziwa bila kuombwa, na kwa mara ya kwanza akamwita Bi Kioo shemeji. Mpaka leo hakuna anayejua kwa undugu gani.

Bodi ikapanga kuja kutia sahihi mwishoni mwa Juni. Siku nane kabla, Bi Kioo alikuwa anaandaa kitu cha kuwaonyesha wageni. Yeye ana desturi ambayo wengine tuliiona ya kizee: kila utando ukishafungwa kwenye seli na kupunguzwa ukingo unaozidi, anaokota kile kipande kinachobaki, anakitia kwenye bahasha ya meza hiyo na kuibana daftarini. Utando wetu una tabia yake. Ukiuweka ndani ya maji unajikunja kuelekea upande uliolalia kioo. Ule wa kununua haujikunji, unalala tu. Alitaka wageni waone mkunjo ule. Akafungua bahasha ya meza namba mbili, akadondosha kipande kwenye kisosi cha maji.

Kikalala.

Nilikuwa naye chumbani, sisi wawili tu. Akasubiri. Akabadilisha maji. Akaenda kufungua bahasha ya meza namba moja, ile ya marehemu tuliyemchorea kaburi, akadondosha kipande chake kwenye kisosi cha pili. Kikajikunja taratibu, kuelekea upande wa kioo, vizuri kabisa.

Kibao cha meza namba mbili kilikuwa kinasoma saa 6,112. Zote zilikuwa za utando wa watu wengine. Utando wetu ndio uliopasuka katika saa ya mia tisa, na ndio tulioucheka.

Mwaka jana, kwenye kikao, mhandisi mkuu aliuliza nani aliyeziingiza tando zile. Jibu alilopewa mnalikumbuka, maana lilizunguka ofisi zote. Bi Kioo alisema, "Meza ni yangu, watu ni wangu, na jina la mtu halitaturudishia hata saa moja." Akakaa. Mhandisi alijaribu tena, akatazamwa, akaendelea na ajenda nyingine. Basi hamkujua, na mmekaa mwaka mzima na zaidi mkibahatisha, na najua wapo waliomsingizia mwenzetu aliyehamia tawi lingine. Muacheni. Ni mimi. Siku ile ya Oktoba nilitaka kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Nikavua mbili kwa wakati mmoja, nikazilaza kwenye trei, nikageuka kuchukua kibano, na nilipogeuka tena nilikuwa na hakika kabisa upi ni upi. Hakika kabisa! Sikusita hata kidogo.

Na si hilo tu ninalolionea haya. Mbele ya vile visosi viwili nilimwambia maneno ambayo nikiyakumbuka masikio yanapata moto. Nilimwambia, mama, bodi wanakuja wiki ijayo, nani atajua? Tumwage haya maji, tuendelee, utando wetu tutaurekebisha polepole baadaye. Sikuwa natania. Nilikuwa namwomba.

Hakunifokea. Alivuta kiti akakaa, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akasema, "Wewe umeshajua. Mimi nimeshajua. Tayari tuko wengi." Kisha akainuka, akabonyeza kitufe cha meza namba mbili, pampu ikanyamaza. Akaenda kwa meneja akiwa amebeba visosi vyote viwili, kimoja kila mkono, taratibu maji yasimwagike. Mimi nikabaki nimesimama, natamani sakafu ipasuke inimeze.

Bodi walikasirika, na walikuwa na haki. Wengine walitaka kitengo kifungwe siku ile ile. Kilichotuokoa, meneja amenisimulia baadaye, ni mjumbe mmoja mzee aliyeuliza nani aligundua kosa. Akaambiwa ni mwenye utando mwenyewe. Akasema mtu wa namna hiyo akimwambia utando umekaa saa elfu kumi, yeye ataamini bila kuja kutazama. Hivyo masharti yakabadilika: si elfu tano tena, ni elfu kumi, na hakuna nafasi ya tatu.

Bi Kioo alihesabu kwa penseli nyuma ya bahasha. Saa elfu kumi ni siku mia nne na kumi na sita na ushee. Utando wenyewe ulikuwa bado haujatengenezwa, maana sasa tulijua kwamba wa kwanza ulikuwa na kasoro. Aliutazama ule uliopasuka kwa siku tatu, akaukunja, akausikiliza ukilia kwa ukavu, akatoa hukumu: mafundo yamezidi, kichwa hakipiti. Alipunguza dawa. Akapunguza muda wa oveni kutoka saa moja na nusu hadi dakika hamsini. Akausogeza mfuniko wa mpishi upenyo wa unene wa ukucha. Sahani thelathini na moja alizimimina na kuzitupa, na ya thelathini na mbili aliinamisha dirishani kwa muda mrefu mpaka tukadhani amesinzia. Halafu akasema, haya.

Jumatatu tarehe 18 Agosti mwaka jana tulikusanyika kwenye meza namba mbili kuuingiza. Wote tulitegemea ataingiza mwenyewe. Nani angemlaumu? Alivaa glavu, akachukua kibano, akakikagua kwenye mwanga, kisha akaninyooshea mimi.

Nilisema siwezi. Nilisema mikono inatetemeka, na ilikuwa inatetemeka kweli. Akasema, "Afadhali. Safari iliyopita haikutetemeka." Nikauvua mmoja. Nikaufunga. Nikaandika. Ilinichukua dakika arobaini kwa kazi ya dakika sita, na hakuna aliyecheka wala kutazama saa. Saa nne kamili asubuhi kibao kikaanzia sifuri. Tangu siku hiyo hajaniita Chapuchapu tena. Ananiita fundi, na kila akiniita hivyo huwa nageuka kutazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine.

Tangu Agosti ile mpaka leo tumepoteza saa kumi na tano tu, kwa kubadilisha mitungi ya gesi na kwa umeme wa jengo kukatika mara mbili. Bi Kioo anaujua mkoromo wa pampu ile kuliko anavyojua sauti zetu. Anapita mlangoni na birika la chai, anasimama, anageuza sikio, anaendelea na safari yake. Mume wake, shemeji yetu mshonaji, ambaye humsubiri getini kila jioni na mwavuli hata kama hakuna wingu, analalamika kwamba yeye na meza namba mbili wameoa mke mmoja, na kwamba meza ndiyo inayopewa zamu nyingi. Binti yao, ambaye ni muuguzi, ananiambia mama yake aliwahi kumpigia simu, yeye binti akiwa katikati ya harusi ya ndugu, kumuuliza kama hapo walipo kuna mtu amesikia umeme umekatika mjini. Watu walikuwa wanacheza.

Utumishi wake una mengine ambayo mhariri angependa yaorodheshwe: amefundisha mafundi kumi na wanane, watatu kati yao sasa ni wakuu wa vitengo, hajawahi kukosa zamu bila taarifa, amefuma sweta za watoto wachanga wote waliozaliwa kwa wafanyakazi wa jengo hili, na zote, nimethibitisha, vichwa vinapita. Yameandikwa kwenye jalada lake na yanastahili kupigiwa makofi leo jioni.

Mimi nitakuwa natazama kibao. Leo saa kumi jioni, wakati mkurugenzi anasimama kutoa hotuba, kitakuwa kinasoma 9,783. Zimebaki saa mia mbili na kumi na saba. Siku tisa na saa moja. Leo anatimiza miaka sitini ya kustaafu; angekuwa amezaliwa siku kumi baadaye, angeufikisha mwenyewe. Wiki iliyopita tulijaribu ujanja: tuliingia kwenye orodha ya zamu tukaandika jina lake Ijumaa tarehe 9 Oktoba, ili aje kutia sahihi daftarini kibao kikigeuka. Aliugundua kabla ya chai. Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akachukua kalamu, akajifuta, na juu yake akaandika jina langu. Alisema mtu akistaafu astaafu, na kwamba siku hiyo atakuwa nyumbani anamalizia mkono wa sweta.

Shemeji ametuchomea. Anasema kuna kalenda mpya ukutani sebuleni, na tarehe tisa imezungushiwa wino mara mbili.

Jana Bi Kioo alinikabidhi daftari. Kwenye ukurasa wa tarehe hiyo ameshaandika mstari mmoja kwa mwandiko wake wa mviringo: *Ikifika, msiizime.* Chini yake ameacha nafasi ya sahihi. Nilikaa na daftari lile mapajani muda mrefu, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Bi Kioo, haya ya mwisho nakuandikia wewe, na wengine wasome tu kwa sababu wamekwisha kaa.

Umetufundisha kushika wembe, kuinamisha kioo, na kukaa kimya mbele ya oveni. Sitaki kukudanganya leo kwa sababu kuna keki. Utando unaweza kufika, na unaweza kupasuka kesho asubuhi. Wewe unajua na mimi najua, tayari tuko wengi. Lakini Ijumaa tarehe 9, saa kumi na moja jioni, simu yako itaita. Usihangaike kusema haloo. Sitasema kitu. Nitaisogeza simu karibu na pampu, na utasikiliza mwenyewe. Ukisikia inakoroma, mwambie shemeji azime redio, mkae kidogo. Na ikiwa imenyamaza, nitakupigia vile vile, saa ile ile, na nitaisogeza pale pale.

Asante kwa miaka thelathini na minne, na asante kwa kile kibano. Pumzika salama mama yetu, ule vizuri, ulale mpaka jua lichomoze, na heri zote ziwe nawe na nyumba yako. Mfuniko umesharudishwa jikoni.

*Fundi wa meza namba mbili, zamani Chapuchapu*